Utafiti wa nadharia ya grafu: kukusanya majani ya chai Rungwe, Dijkstra inatosha?

nodi_pweke (Uyole)

Wakuu, mwagonile.

Naandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili, hisabati tumizi. Mada ni kutumia nadharia ya grafu kupanga safari za malori yanayokusanya majani mabichi ya chai vijijini na kuyapeleka kiwandani, eneo la Tukuyu kuelekea Mwakaleli na Lwangwa. Vituo vya kununulia majani ni 38, lori moja linabeba tani 4. Majani yanapimwa mchana na lazima yafike kiwandani siku ileile, kabla hayajapata joto kwenye viroba na kugeuka mekundu.

Kwenye rasimu ya kwanza nimeweka hivi: kituo ni nodi, barabara ni ukingo, uzito wa ukingo ni kilomita, kisha naendesha Dijkstra (algoriti ya kutafuta njia fupi) kutoka kiwandani. Swali lililorudi ni moja tu: utafiti uko wapi hapo?

Naomba mnisaidie kuona tatizo halisi la kiutafiti limejificha wapi kwenye data kama hii, na kama lipo swali ambalo bado halijajibiwa ninaloweza kulimudu kwa mwaka mmoja. Kompyuta ni ya kawaida, natumia Python na NetworkX (maktaba yake ya grafu).

---

Mzee_wa_Kingo

Swali ulilorudishiwa ni la haki. Dijkstra aliandika algoriti yake mwaka 1959, nayo inajibu jambo ambalo kiwanda hakijauliza. Inakupa njia fupi kutoka kiwandani hadi kila kituo, kimoja kimoja. Lori haliendi hivyo. Linapita vituo kadhaa, linajaa, linarudi kumwaga. Tatizo hilo lina ukoo wake, nalo Dantzig na Ramser waliliandika mwaka huohuo wa 1959: kupanga safari za magari yenye ukomo wa mzigo. Dijkstra utaihitaji kwa kutengeneza jedwali la umbali kati ya vituo, lakini hiyo ni kazi ya jikoni, haipandishwi mezani.

Kabla hujachagua algoriti, pima umbo la grafu yako. Chukua idadi ya kingo, toa idadi ya nodi, jumlisha idadi ya vipande vilivyotengana. Namba hiyo, tuiite μ, inakuambia grafu ina mizunguko huru mingapi. Ikiwa 0, grafu ni mti, yaani haina mzunguko hata mmoja. Kwa Mbeya mjini, kuanzia Mafiati hadi Mwanjelwa, vichochoro vinakatana kila baada ya nyumba chache, na μ itakuwa kubwa. Milimani ni kinyume chake. Barabara inafuata mgongo wa kilima, na kuvuka bonde kwenda mgongo wa pili ni gharama kubwa, kwa hiyo mtandao unatoka kama mifupa ya samaki: uti mmoja na miiba pembeni. Ukibakiza barabara zinazopitika na lori tu, μ itashuka sana.

Jambo hilo linabadilisha hesabu nzima. Tatizo la mchuuzi anayepita kila mahali na kurudi, ambalo kwenye grafu ya kawaida linatoa watu jasho, kwenye mti ni mstari mmoja: jumla ya urefu wa kingo zote mara 2. Hata grafu ikiwa na mizunguko michache, upana-mti wake (kipimo cha jinsi grafu ilivyo mbali na mti) hauzidi μ + 1, na matatizo mengi magumu yanatatulika kwa uhakika pale upana-mti unapokuwa mdogo.

Ila ukomo wa mzigo haulainiki. Chukua grafu nyepesi kuliko zote: kiwanda katikati, vituo vinakizunguka kama nyota. Kama mzigo wa kituo haugawanywi, kutafuta idadi ndogo ya safari ni sawasawa na kupanga vitu vya uzito tofauti kwenye makasha machache, tatizo ambalo ni gumu kwa kiwango cha NP, yaani hakuna algoriti ya haraka inayojulikana kwa kila hali. Maana yake ugumu wako hautoki barabarani, unatoka kwenye mzani. Wanafunzi wengi wanatumia miezi sita kuboresha njia wakati kazi iko kwenye tani.

Mfano. Kiwanda K, njiapanda P iko km 12 kutoka K. Kutoka P kuna vituo vitatu: B km 4, C km 6, D km 3. Lori tani 4. Kiwango cha chini cha kilomita unakipata hivi: kwa kila ukingo, jumlisha mzigo wote ulio ng'ambo yake, gawanya kwa 4, panda hadi namba kamili inayofuata, zidisha kwa urefu mara 2.

Mizigo ikiwa B 2.5, C 2, D 2, jumla ni 6.5, kwa hiyo ukingo wa K–P unavukwa angalau na safari 2: km 48. Matawi yanaongeza 8, 12 na 6. Jumla 74. Safari moja ikichukua C na D (km 42) na nyingine B peke yake (km 32), unapata 74 kamili. Hakuna anayeweza kukushinda hapo.

Sasa geuza, kila kituo kiwe na tani 2.5. Jumla 7.5, kiwango cha chini bado ni 74, kwa sababu kwa karatasi safari 2 zinatosha. Lakini hakuna vituo viwili vinavyoingia lori moja, maana 5 inazidi 4. Unaenda safari 3: km 32, 36 na 30, jumla 98. Ukiruhusu mzigo wa kituo kimoja kugawanywa, safari 2 zinarudi. Ukigawanya C (ya mbali) unapata 86. Ukigawanya D (ya karibu na njiapanda), lori la kwanza linachukua B na tani 1.5 za D, la pili linachukua C na tani 1 iliyobaki, na jumla ni 80. Pengo kati ya 80 na 98 ndilo utafiti: lini kugawanya mzigo kunalipa, kituo gani kigawanywe, na majani yanayobaki yakisubiri lori la pili yanapoteza ubora kiasi gani. Hakikisha mfano huu unaufanya kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta.

Tahadhari moja kuhusu algoriti ya Clarke na Wright ya mwaka 1964, ile ya kuunganisha vituo kwa kuangalia akiba. Akiba ya kuunganisha i na j ni umbali K–i, jumlisha K–j, toa i–j. Kwenye mti hiyo ni mara 2 ya urefu wa njia wanayochangia kutoka kiwandani, basi. Angalia mfano wa juu: kila jozi ina akiba ya 24. Zote zimefungana! Algoriti itachagua jozi kwa mpangilio wa mistari kwenye faili lako. Ukipanga upya safu za Excel, jibu linabadilika, na mtu anadhani programu ina hitilafu. Vunja mafungamano kwa kanuni yako mwenyewe, mfano jozi inayojaza lori zaidi, na uiandike wazi kwenye tasnifu.

---

ramani_na_ngazi

Nakubaliana na Mzee, ila hiyo μ itakudanganya kama grafu umeichota vibaya. Nadhani utachota barabara kutoka OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) kwa OSMnx, maktaba ya Python inayozigeuza kuwa grafu. Hapo kuna mitego minne inayokamata karibu kila mtu.

Ukitumia aina ya mtandao "drive", barabara zilizowekewa alama ya "track" zinaachwa nje. Vijijini kwetu barabara nyingi za kwenye mashamba zimechorwa kwa alama hiyohiyo. Vituo vyako nusu vitaning'inia hewani. Andika kichujio chako mwenyewe kinachojumuisha "track" na "unclassified", halafu pitia kwa macho juu ya picha ya satelaiti kwenye QGIS (programu ya ramani), ondoa zile ambazo ni njia za ng'ombe.

Pili, kwa kawaida OSMnx inabakiza kipande kikubwa tu cha grafu kilichoungana na kutupa vingine kimyakimya. Kijiji ambacho mchoraji aliacha pengo la mita 3 kati ya barabara mbili kinapotea chote. Weka retain_all iwe kweli, hesabu vipande, kisha kagua kila kipande: ni kisiwa kweli au ni kosa la mchoraji?

Tatu, na hili ndilo baya zaidi kwako: programu inarahisisha grafu kwa kufuta nodi zenye kingo mbili tu, ikibakiza njiapanda na miisho. Kituo chako kikiwa katikati ya barabara ndefu hakina nodi. Ukiomba nodi iliyo karibu, kinavutwa hadi njiapanda, pengine km 2 pembeni, na vituo viwili tofauti vinaweza kuangukia nodi moja. Tafuta ukingo ulio karibu, ukate pale kituo kilipo, ingiza nodi mpya, gawa urefu kwa sehemu mbili.

Nne, viwianishi. Fanya hesabu za umbali kwenye UTM, mfumo wa viwianishi vya mita, kanda ya 36 Kusini (EPSG:32736). Inatosha Mbeya, Njombe na sehemu kubwa ya Iringa. Ukichanganya ramani za zamani za mfumo wa Arc 1960 na vipimo vya GPS ya simu bila kubadilisha mfumo, vituo vinahama mita mia kadhaa, na kwenye mabonde yale mita 300 ni mgongo mwingine wa kilima.

Kwenye mwinuko: usichukue mteremko wa ukingo wa mita 50 kutoka kwenye data ya SRTM (vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani). Kosa la mita 5 tu kwenye umbali huo ni mteremko wa asilimia 10 usiokuwepo. Pima kwa vipande vya mita 200 au zaidi.

---

nodi_pweke

Ndaga fijo wakuu. Nimerekebisha kichujio, nimeingiza nodi za vituo. Maswali mawili.

Nimeendesha nx.bridges kutafuta kingo ambazo zikikatika grafu inagawanyika. Inaniletea karibu barabara zote. Nimekosea?

La pili: kupanda kutoka upande wa Kyela kuja Tukuyu si sawa na kushuka. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475, Tukuyu inazidi 1,500. Je, nilazimike kutumia grafu yenye mwelekeo, yaani ukingo wenye gharama tofauti kwenda na kurudi? Nimesoma kuwa tatizo la mchuuzi lisilo na ulinganifu ni gumu zaidi.

---

Mzee_wa_Kingo

Hujakosea. Kila barabara inayoishia kijijini ni "daraja" kwa lugha ya grafu, hata kama hakuna mto wala kalavati. (Na Daraja la Mungu pale Kiwira halihusiki hapa.) Orodha hiyo haikusaidii mpaka uichuje. Ondoa nodi zenye ukingo mmoja, rudia, rudia tena hadi zisibaki. Kinachobaki ni kiini chenye mizunguko. Daraja lililomo ndani ya kiini, linalounganisha mzunguko mmoja na mwingine, ndilo la kwanza kuangalia. Miiba iliyoondolewa usiitupe: kila daraja lipe uzito wa tani zilizo nyuma yake kwa siku. Panga kwa uzito huo, na mhandisi wa wilaya ataelewa jedwali lako bila kujua grafu ni nini.

Kagua pia kingo sambamba. Kama kati ya njiapanda mbili kuna barabara ya juu na ya chini, na wewe umegeuza grafu kuwa ya kawaida isiyoruhusu kingo mbili kati ya nodi zilezile, moja imefutika na iliyobaki inaonekana daraja. Hilo ni kosa la kubadilisha aina ya grafu, halimo barabarani.

Kuhusu kupanda na kushuka, una bahati. Lori likitoka kiwandani na kurudi kiwandani, kila daraja la grafu linavukwa kwenda mara sawasawa na kurudi. Haiwezekani vinginevyo, maana upande wa pili hakuna njia nyingine ya kutokea. Basi kwa kila daraja jumlisha gharama ya kupanda na ya kushuka, gawa kwa 2, na grafu inabaki bila mwelekeo. Ukosefu wa ulinganifu unabaki ndani ya mizunguko tu, na mizunguko yako ni michache. Hilo peke yake ni pendekezo dogo linalothibitishika kwa aya mbili.

Kitu kimoja hakifutiki: mafuta yanategemea mzigo. Lori linalopanda likiwa tupu na kushuka limejaa si sawa na linaloshuka tupu na kupanda na tani 4. Kwa hiyo kama kiwanda kiko juu ya vituo, mpangilio wa vituo unaleta tofauti hata kwenye mti. Na usiandike kanuni ya mafuta inayotoa namba hasi kwenye mteremko. Dizeli hairudi tangini. Weka 0 kama kiwango cha chini, la sivyo Dijkstra inaweza kukupa majibu ya uongo.

---

Jiwe_la_Gangilonga (Iringa)

Kamwene. Mimi ni wa upande wa nadharia, naongeza pale ambapo wenzangu wamepita haraka.

Kwanza onyo. Utakutana na makala nyingi za kuweka namba kwenye nodi za grafu, hasa zile za "madaha". Mwaka 1967 Rosa alianzisha wazo hili: mti wenye nodi n upewe namba 0 hadi n − 1, kila moja mara moja, na tofauti kwenye kingo ziwe 1 hadi n − 1 bila kurudia. Njia ya nodi nne inakubali 0, 3, 1, 2: tofauti ni 3, 2, 1. Kama kila mti unakubali, hakuna aliyethibitisha hadi leo. Dhana dada yake, ya Ringel ya mwaka 1963, ilithibitishwa kwa miti mikubwa mwaka 2020 na Montgomery, Pokrovskiy na Sudakov, lakini hiyo ya madaha imebaki. Kuligusa swali kuu kwa mwaka mmoja si mpango. Na kubuni familia mpya ya grafu, ukaipa jina la ua au kipepeo, kisha ukaonyesha kuwa ina madaha, kunakubalika kwenye majarida fulani, lakini hakuna anayesubiri jibu hilo. Usiende huko.

Penye utajiri kwako ni mvua. Chai inatoa majani mengi msimu wa mvua, yaani mzigo unakuwa mkubwa wakati uleule barabara zinapoharibika. Dereva anajua barabara imekatika akishafika hapo. Tatizo hilo lipo kwenye nadharia, linaitwa la msafiri wa Kanada (kule ni theluji, kwetu ni tope). Papadimitriou na Yannakakis walilichambua mwaka 1991 na kuonyesha kuwa kwa ujumla ni gumu kwa kiwango cha PSPACE, ambacho hakipungui kile cha NP. Zikiwa na uwezekano wa kukatika kingo zisizozidi k, Westphal alionyesha mwaka 2008 kuwa hakuna mkakati usiotumia bahati nasibu unaoweza kuhakikisha chini ya mara 2k + 1 ya umbali wa mtu aliyejua yote mapema. Na mara 2k + 1 inafikiwa kirahisi: jaribu njia fupi, ukikwama rudi ulikotoka, jaribu inayofuata. Kila jaribio lililoshindikana halizidi mara 2 ya njia bora, yanakuwa k, la mwisho linafika.

Sasa unganisha na μ ya Mzee. Ikiwa barabara zilizokatika bado zimeacha vituo vyote vikifikika, zilizokatika haziwezi kuzidi μ, kwa sababu kila ukingo unaoondolewa bila kutenganisha grafu unavunja mzunguko mmoja. Kwa hiyo badala ya k unaweka μ. Kwenye grafu yenye μ = 3, uwiano hauzidi 7 hata masika yakiwa ya namna gani, mradi njia ipo. Hiyo ni kwa msafiri mmoja anayekwenda mahali pamoja. Kwa lori lenye ukomo wa mzigo, linalopita vituo vingi, ambalo likikwama nusu limejaa lazima liamue kurudi kumwaga au kuzunguka? Hapo uwanja upo wazi kwako. Anza na grafu ya mzunguko mmoja wenye matawi, μ = 1, k = 1. Ukipata uwiano kamili kwa hiyo, tayari una sura moja ya tasnifu.

Tofautisha pia kukatika na kuzunguka. Kitonga inachukuliwa kama shingo ya barabara kuu, na lori likilala pale foleni inajulikana hadi Ruaha Mbuyuni. Lakini kwenye grafu ya nchi Kitonga si daraja, maana ipo Iringa–Mtera–Dodoma–Morogoro. Morogoro hadi Iringa kwa Kitonga ni kama km 300, kwa Dodoma inazidi 500. Kwa hiyo kipimo sahihi ni uwiano wa njia mbadala, hapo takriban 1.7, badala ya ndiyo au hapana ya daraja. Hesabu uwiano huo kwa kila ukingo wa kiini chako. Kingo zenye uwiano wa 1.2 achana nazo. Za 4 au 5 kwa majani yanayochacha ni sawa na zimekatika, ziunganishe na orodha ya madaraja.

---

Mserereko

Mada ya chai ni nzuri, ila kama data ya tani itakugomea kuna grafu nyingine milimani ambayo karibu kila kijiji kinayo: maji ya mserereko. Chanzo kiko juu, tangi, bomba, vituo vya kuchotea. Watu wanaichora kama mti mfupi wa kuunganisha, wanaendesha Kruskal (algoriti inayotafuta mti huo), wanamaliza. Inakosewa sehemu mbili.

Ya kwanza, mahali pa kuweka vituo ni tatizo la kufunika. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Mita 400 kwenye ramani bapa si mita 400 za mama anayepanda na ndoo, kwa hiyo pima kwenye grafu ya njia za miguu, usichore duara.

Ya pili, gharama ya bomba si urefu peke yake. Kituo kimoja ni lita 6,250 kwa siku. Zikichotwa kwa saa 10 ni lita 0.17 kwa sekunde. Bomba linalolisha vituo sita linabeba kama lita 1 kwa sekunde. Kwa kanuni ya Hazen-Williams, bomba la plastiki lenye C (kipimo cha ulaini wa ndani) ya 150 na kipenyo cha ndani mm 50 linapoteza presha ya mita 6 hivi kwa kilomita. Ukibana hadi mm 40, inapotea karibu mita 18. Ukibaki na mm 50 na kuongeza maji maradufu, zinapotea karibu 22. Kwa hiyo gharama ya ukingo inategemea kilicho chini yake, na Kruskal haijui hilo. Mara nyingi ni nafuu kuchangia bomba moja nene kwa mbali kidogo kuliko kulaza mabomba mawili membamba kwa njia fupi, hata kama jumla ya mita inaongezeka.

Halafu kuna presha ya kusimama. Bomba la PN10 linahimili mita 100 za maji. Tofauti ya mwinuko ikizidi hapo, usiku mabomba yote yakiwa yamefungwa, linapasuka chini bondeni. Unaweka tangi la kukata presha, na hilo ni nodi mpya ambayo nafasi yake huichagui kwa urefu bali kwa mwinuko. Mti wenye gharama inayopungua kwa kila lita kadiri bomba linavyonenepa, nodi za hiari, na kikomo cha presha juu na chini: kwa vijiji vyenye vituo 15 hadi 30 unaweza kupata jibu lililothibitishwa, kisha ulinganishe na mchoro uliojengwa.

---

nodi_pweke

Mserereko, hiyo ya maji naiweka akiba, data ya tani ninayo kwa mwaka mzima.

Jiwe, nimeandika kichwa hiki: "Upangaji bora kabisa wa safari za malori ya chai kwenye mtandao wenye mizunguko michache chini ya hatari ya kukatika kwa barabara." Mpango: sura ya kwanza mti bila kukatika, nikilinganisha kugawanya na kutogawanya mzigo; ya pili μ = 1 na ukingo mmoja unaokatika; ya tatu data yangu. Vituo 38 nitaviingiza OR-Tools (programu ya kupanga safari).

---

Jiwe_la_Gangilonga

Futa "bora kabisa". Injini ya safari ya OR-Tools inatafuta jibu zuri lakini haithibitishi kuwa hakuna zuri zaidi. Vituo 38 ni vichache, kwa hiyo andika pia modeli ya upangaji wa namba kamili, inayoweza kuthibitisha jibu bora, na kwa kila siku weka namba tatu kwenye jedwali: kiwango cha chini cha Mzee, jibu la OR-Tools, na jibu lililothibitishwa. Siku ambazo namba ya kwanza na ya tatu zinalingana, elezea kwa nini mizigo ilikaa vizuri kwenye lori. Siku zisipolingana, hizo ndizo za kuchimba kwenye sura ya kwanza.

Na kwenye sura ya pili, chagua kwanza kiwanda kiko wapi: kwenye mzunguko wenyewe au kwenye tawi. Uthibitisho ni tofauti. Kikiwa kwenye tawi, lori lina lango moja la kuingilia mzunguko na hesabu inakatika vipande viwili. Anza na hiyo.

---

Mzee_wa_Kingo

Ongeza jambo dogo: tani za kila siku zitoe kwenye karatasi za mzani za vituo, usitumie wastani wa mwezi. Wastani wa tani 1.9 unaingiza vituo viwili kwenye lori kila siku ndani ya kompyuta, wakati shambani siku moja ni 1.2 na siku ya pili ni 2.6. Kile "panda hadi namba kamili" kinafanya wastani kuwa mwongo, na safari zako kwenye karatasi zitakuwa chache kuliko zile dereva anazoenda.